Guyo, Homa Hiyo Haifichiki

Guyo wa Darmi,

Salaam aleikum. Nimekusalimia kwa sababu dini inataka, usifikirie nimetulia. Nimekasirika tangu Jumatatu na bado sijamaliza.

Mjomba wako Wario atakupa hii barua ukishakula. Mimi hutanipata nyumbani. Nimeenda kulala kwa jirani yetu Kabale, pale karibu na barabara, kwa sababu nikibaki utaanza kile kicheko chako cha kuniambia mimi bibi yako, "Akko, wewe pumzika," na mimi nitanyamaza, na kesho utaenda huko kwa mafunzo ya polisi. Karatasi haikatizwi maneno. Ndiyo maana nilienda ngumbaru na umri huu wote, nikakaa kwa kiti cha watoto magoti yakigonga kidevu, na nyinyi mkanicheka. Mwalimu alisema tunajifunza ili tusome majina yetu kwa kitambulisho. Mimi nilijua iko siku nitataka kugombana na mtu bila yeye kunijibu.

Mambo ya sweta na sabuni na kuswali sitakuambia. Hayo mama yako amekuambia kwa simu kutoka Garba Tulla mpaka salio likaisha. Mimi nataka kuongea juu ya mwili wako.

Unafikiri mimi ni kipofu. Kijana ambaye tangu azaliwe hajafua hata soksi yake, sasa anaamka kabla ya adhana anafua shati, anafua shuka, anasimamisha godoro kwa ukuta wa nyuma, pale anafikiri mimi sipiti. Nikakuuliza, ukasema ni joto. Joto gani, Guyo? Joto la hapa Gotu limeanza jana? Sisi wote tunalala kwa hilo joto na hakuna mwingine anaamka kama ametolewa mtoni.

Halafu huo mwendo. Unatembea miguu imeachana kama beberu aliyehasiwa asubuhi. Nikakuuliza, ukasema ni mazoezi ya kukimbia. Wario naye akasema ni mazoezi, kwa sababu Wario akiona jambo gumu anaangalia simu. Mimi nimelea wanaume na nimezika mwanaume. Najua aliyeumia paja anavyotembea, na najua aliyevimba pale pengine anavyotembea. Wewe umevimba. Sasa nimeandika kwa mkono wangu, na kama unaona haya, ona haya ukiwa hai.

Najua kwa nini unaficha. Nilikuwa nyuma ya zizi juzi ukiongea na rafiki yako Halkano, na usiseme nilikuwa nasikiliza, zizi ni langu. Alikuuliza kama utaambia mtu. Ukamwambia, "Wewe, wakijua naumwa wananirudisha kwa lango. Nikifika huko itapoa yenyewe."

Itapoa yenyewe. Nilishika ule ukuta wa miiba mpaka nikajidunga.

Kaa chini nikuambie jinsi inavyopoa yenyewe.

Hiyo homa naijua kwa sababu ni yangu. Inaingia mchana jua likianza kulegea, inakaa na wewe usiku, asubuhi inaondoka na wewe unajiona mzima, unachunga, unacheka na watu. Maumivu yake yanahama kama sisi na mifugo. Leo yamepiga kambi kwa goti, kesho yako kwa mgongo, kesho kutwa yamehamia kwa bega na goti limeachwa salama kama hakuna mtu aliishi hapo. Ukimwambia mtu, anakuona mwongo. Juzi ulisema mguu, leo unasema bega, wewe unataka nini?

Mimi nilizunguka na hiyo kitu mvua ikaja ikaenda. Yule wa duka la dawa aliniuzia ya malaria, akaniuzia ya taifodi, akarudi kwa ya malaria. Kila nikifika alikuwa ananifurahia kama shemeji yake. Mwishowe nikaanguka nikikamua, maziwa yakamwagika yote, na hapo ndipo Wario alikubali mimi ni mgonjwa, kwa sababu hakukuwa na chai.

Unakumbuka walinipeleka mjini kwa pikipiki, mimi katikati ya Wario na dereva kama gunia. Kule hospitalini kulikuwa na sista mmoja, msichana wa Kimeru, mdogo, mikono yake baridi. Akanitoa damu. Akarudi na karatasi akaniambia, "Akko, hii imetoka kwa mifugo. Unakunywa maziwa bila kuchemsha?"

Nikamuuliza, "Kuna maziwa gani mengine?"

"Na mbuzi akizaa, nani anamsaidia?"

"Mimi. Ulitaka nimwite daktari wa wajawazito?"

Hakucheka. Akaniambia kuna mdudu hapo ndani, hapo kwa maziwa, hapo kwa maji ya uzazi wa mbuzi, na ananipitia mikononi na mdomoni. Guyo, niliona ananitukania mbuzi. Mimi nimefukiza vibuyu vyangu kwa moshi tangu nikiwa msichana. Watu wanatoka mbali kuja kunywa maziwa yangu mimi Tume kwa sababu ya ile harufu ya moshi. Mama mkwe wangu alinifundisha kwamba anayechemsha maziwa anamchoma ng'ombe matiti, na mimi nikaamini, kwa sababu mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Sasa mtoto wa juzi anakuja kuniambia moshi wangu haufanyi kitu.

Lakini nilichukua dawa. Alinipa pakiti mbili kubwa, za wiki nyingi. Akaniambia nimeze zote, hata nikisikia nafuu. Nikasema sawa.

Nikafika nyumbani. Wario anaumwa mgongo, nikampa. Kabale goti lake halikunji, nikampa, na akaomba nyingine ya dada yake. Mzee wa ile nyumba ya bati alikuwa hata hawezi kutoka kuswali, nilipeleka mwenyewe kwa kikombe. Ni nani anakula peke yake na wenzake wanatazama? Sisi tukichinja, hata mpita njia anapata. Nilijiona mtu mzuri sana. Na mimi mwenyewe baada ya siku chache nikasikia nafuu, nikaona hizo zilizobaki nimpe nani, nikampa mtu.

Homa iliporudi nikarudi kwa sista. Akaniuliza, "Akko, dawa zilienda wapi?"

"Zilienda kwa watu."

"Watu gani?"

"Wagonjwa."

Akashika kichwa na mikono miwili. Akaniambia, "Akko, hii si sukari ya jirani. Umempa kila mtu kidogo, na hakuna hata mmoja amepona. Yule mdudu mmemzoesha dawa tu."

Nikamwambia, "Kwenu mnakula peke yenu. Kwetu hapana." Nikafunga leso nikatoka. Sijarudi kule mpaka leo. Sasa unajua. Mlikuwa mnafikiri nilimaliza matibabu, na mimi niliwaacha mfikiri hivyo, kwa sababu sikutaka kusema nilifukuzwa na maneno ya msichana wa mikono baridi. Na kila jioni nikiwaambia nimechoka na jua, ni hiyo.

Nakuandikia haya si unionee huruma. Ukinionea huruma nitakuchapa na hii fimbo. Nakuandikia kwa sababu ninaona unafanya vilevile, na mimi angalau nina udhuru wa kutosoma shule utotoni.

Sasa nitakuambia la pili, na hili nimelikalia.

Ulikuwa mdogo, bado unavaa shati bila suruali. Mvua ilikuwa imerudi baada ya ule ukame mrefu, na badala ya mbuzi kuzaa, wakawa wanatupa mimba. Leo huyu, kesho yule. Mimi ndiye nilikuwa naingiza mkono na kuvuta. Nilikuwa natoa vile vitoto vimekufa, nawatupia mbwa, najisugua mikono kwa mchanga, kisha naenda kukamua wale waliobaki. Mwaka huohuo mama yako alikuwa na mimba yako ya pili, namaanisha ya ndugu yako. Alikuwa amekonda, na mimi nilikuwa nampelekea maziwa kila asubuhi, ya moto kutoka kwa titi, nasimama mbele yake mpaka amalize. "Kunywa, Darmi, mtoto apate damu." Alitupa mimba. Akapata nyingine. Nikampelekea maziwa. Akatupa na hiyo.

Unajua mama wa baba yako alisema nini. Alisema tumbo la Darmi limefungwa na jicho la mtu, na mtu mwenyewe ni mimi, kwa sababu mbuzi wangu na binti yangu wanafanya kitu kimoja. Darmi akarudi kwangu na godoro kwa punda na wewe juu ya godoro. Mimi na ule ukoo hatusalimiani mpaka leo. Harusi zao siendi. Nikiwaona sokoni navuka barabara.

Na yule sista, siku ile ya kwanza, aliniuliza kama kuna mwanamke nyumbani ametoka mimba. Nikamwambia hiyo inahusu nini. Akasema huyo mdudu anafanya hivyo kwa mbuzi, na kwa mwanamke pia anaweza. Nikamuuliza, ndiyo au hapana? Akasema, "Ya zamani siwezi kujua, Akko. Inaweza."

Hiyo "inaweza" nimetembea nayo. Nimekasirika na yule bibi kizee miaka yote hii na bado nimekasirika naye, kwa sababu alimfukuza mtoto wangu mgonjwa, hilo halibadiliki. Lakini siku hizi nikimkasirikia, mkono wangu naona umeshika kikombe. Mama yako hajui. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wewe usinitangulie.

Kwa hivyo usije ukaniambia itapoa.

Babu yako naye alikuwa wa kungoja ipoe yenyewe. Alianza kuumwa mgongo mifugo ikiwa bado mingi. Hakusema kitu. Akainama kidogo, akainama tena, mpaka akawa anatembea anaangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano. Watu wakamsifu. Yule ni mwanaume, halalamiki. Mimi pia nilimsifu, nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu, mume wangu ni chuma. Tulimsifu mpaka kaburini. Hakuna hata mmoja alimuuliza, wewe, unaumwa wapi? Na wewe umekua ukisikia hizo sifa zake, mimi nikikusimulia nikikuogesha, na sasa umeamua kuwa chuma kama yeye. Chuma gani inalowesha godoro kwa jasho?

Nilikuwa pale uwanjani siku ya kuchaguliwa. Mlikimbia peku kwa lile vumbi, wengine wanaanguka, wengine wanatapika, na wewe ukaja mbele na kifua wazi kama babu yako kabla hajainama. Nilipiga vigelegele mpaka afisa mmoja akageuka akaniuliza, "Mama, huyo ni wako?" Nikamwambia, "Ni wangu, na ukimwacha nitakuja kulala kwa ofisi yako." Walikukagua meno, wakakukagua nyayo. Hapo ulikuwa mzima. Hii imekuja baada. Nafikiri ni wale mbuzi wawili waliozaa vibaya nikiwa kwa matanga Leparua, ukawasaidia mwenyewe, kwa mikono mitupu, kama ulivyoniona nikifanya. Nani alikufundisha? Mimi. Kwa hivyo nina haki ya kukasirika mara mbili.

Ndiyo, nataka uwe polisi. Nataka uje hapa na ile kofia na ule ukoo wa baba yako uone. Nimewaringia watu tayari, siwezi kurudisha maringo. Lakini mimi sikulea polisi. Nililea Guyo. Wakikurudisha kwa lango kwa sababu unameza dawa, rudi. Utakuja, utapona, utakimbia tena, miguu ni ileile. Lakini ukikaa kule unaficha, unakimbia na mzigo wa bunduki na homa inakuchemsha, utaanguka mbele yao, na hapo watakurudisha vilevile, tena kwa machela. Na hiyo ya kuvimba, niliuliza. Niliuliza nikijifanya nauliza ya mtu mwingine. Ikiachwa, inaweza kukuondolea watoto. Mimi nataka vitukuu, Guyo, na nataka wawe wako, sitaki kwenda kuwatafuta kwa sura za majirani.

Utakapopewa dawa, na sasa nasema kitu ambacho hujawahi kusikia kwangu, utakuwa mchoyo. Nimekulea kugawa. Ulikuwa unapata peremende moja unaikata kwa meno upeane nusu, na mimi nilikuwa najivunia hayo meno. Kule kambini wote wataumwa magoti, wote wataumwa mgongo, ndiyo kazi yao. Watakuona unameza, watasema, "Ndugu, nisaidie na moja." Utasikia aibu. Utasikia kama umekaa na nyama na watu wanatazama. Mnyime. Mwambie bibi yako ni mchawi amezihesabu. Wape chakula chako, wape blanketi, wape hata kiatu, lakini hiyo hapana. Na usiache ukisikia nafuu. Nafuu ya hiyo homa ni kama wale wageni wanaosema wanaondoka na kumbe wameenda tu kuleta wenzao.

Hapa nyumbani nimeanza kuchemsha. Umeona, umenyamaza, na nimekushukuru kwa kunyamaza. Ng'ombe hajakauka. Mama mkwe wangu alikosea, na sasa ameshakufa siwezi kumwambia, hilo nalo linaniudhi. Wario anasema maziwa yamekuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Nikamwambia akamue yake. Mbuzi akizaa navaa glavu ambazo nilimwomba yule wa chanjo ya mifugo. Kabale aliponiona aliuliza kama mbuzi amelalamika nanuka. Acha acheke. Anacheka akishikilia lile goti, na dawa niliyompa haikumfaa kitu.

Sasa sikiliza mpango, na hauna majadiliano. Kuripoti ni kesho kutwa jioni, nimemuuliza Wario akanisomea ile karatasi yako ya Kiingereza. Wewe umeniambia ni kesho. Ulidhani sitauliza. Tuna mchana mzima mjini. Lori la mbuzi linalokupeleka linapita kwa Kabale kabla ya kufika kwetu, na dereva nimeshaongea naye. Atakuta mimi niko barabarani. Atakapokufikia wewe, mimi nitakuwa nimekaa mbele, katikati yake na dirisha, na leso yangu ile nzuri.

Tutashuka pamoja kwa lango la hospitali. Utatolewa damu, na mimi nitatolewa damu, na kama yule msichana wa Kimeru bado yuko nitamwambia nimerudi, na anaweza kusema lolote analotaka, nitakaa kimya. Hilo litaniua kuliko homa. Lakini sitakutuma mahali ambapo mimi mwenyewe nimekataa kwenda. Tukipewa, kila mtu ameze zake. Wewe utaendelea na safari na zako kwa mfuko wa shati, na siku utakayofika utamwonyesha mkubwa wako kabla hajaziona mwenyewe.

Najua unavyofikiri. Unafikiri utapanda nyuma na mbuzi, lori likisimama hospitalini utalala kimya huko chini mpaka nichoke. Sawa. Jaribu. Mimi nitasimama pale kwa lango, mbele ya wagonjwa, mbele ya askari, mbele ya wale wasichana wa kuuza chai, na nitamwambia dereva kwa sauti yangu ya kuita ng'ombe ni nini hasa cha Guyo kimevimba, na kimevimba kiasi gani. Unanijua.

Akko wako,
Tume